Simu "Inapofunga Breki": Kutatua Tafsiri Mbovu za Kirusi Kuhusu Vifaa Vizito

Fundi anayetafuta faili la kuflashia simu ya zamani, yaani kuiwekea upya programu endeshi, mara nyingi huishia kwenye maelezo ya Kirusi. Warusi wameandika mno kuhusu simu za Android za bei nafuu, zile zile zinazojaa kwenye mabanda ya Mwanjelwa, Mbeya, na ya Tunduma. Akiyabandika maelezo hayo kwenye kitafsiri cha mashine, kinachotoka ni Kiingereza cha ajabu: simu inafunga breki, programu zinaruka nje, kumbukumbu imepigiliwa misumari. Kama anasoma mwenyewe atakisia na maisha yataendelea. Lakini mteja akiwa ametoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na anataka aandikiwe kwa Kiingereza simu yake ina nini, kukisia kunaleta ugomvi wa pesa.

Hapa tafsiri mbovu inachukuliwa kama kifaa kibovu. Unaangalia dalili, unarudi kwenye chanzo, unabadilisha kilichoharibika. Kinachotafsiriwa ni kile kifaa kinachofanya. Neno lililotumika kukieleza linakuja baadaye. Na Mswahili ana bahati katika hili, kwa sababu lugha ya bandani tayari inatenganisha simu nzito, simu inayokwama, simu iliyoganda na simu inayojizima. Ukishaisema dalili kwa Kiswahili cha fundi, nusu ya kazi imekwisha. Kirusi chenyewe si kigeni sana Mbeya: Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kilianzishwa mwaka 1986 kwa makubaliano na Umoja wa Kisovieti.

Herufi zenyewe hazisomeki

Hili ni la kumaliza kabla ya mengine. Badala ya Kirusi unaona mlolongo wa Ð na Ñ uliochanganyika na alama: faili limeandikwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, programu yako inalisoma kwa mfumo mwingine, Windows-1252. Ukiona "Ïðèâåò" mahali ambapo Mrusi aliandika "Привет", faili ni la Windows-1251 linalosomwa kama Kilatini. Ukiona "рТЙЧЕФ", herufi ni za Kirusi kweli lakini neno hilo halipo duniani, na kubwa na ndogo zimebadilishana nafasi. Hiyo ni KOI8-R iliyosomwa kama Windows-1251.

Faili za maelezo zinazokuja ndani ya kifurushi cha kuflashia ndizo zenye ugonjwa huu zaidi. Fungua kwa Notepad++, ingia kwenye menyu ya Encoding, nenda kwenye seti za herufi za Kisirili (Cyrillic), jaribu moja baada ya nyingine mpaka maneno yasomeke. Usibandike chochote kwenye kitafsiri kabla ya hapo, maana mashine haitakwambia kwamba imepewa takataka. Itakutafsiria takataka hiyo kwa heshima zote.

Dalili: Kiingereza kinasema simu "brakes"

Chanzo ni kitenzi тормозить, kilichotokana na тормоз, yaani breki. Kwa gari ni kufunga breki kweli. Kwa simu, kompyuta, televisheni au intaneti ni kwamba kitu kimekuwa kizito, kinasuasua. Lori linaloshuka Kitonga linafunga breki kwa sababu dereva anataka. Simu haina wa kuikanyagia. Imelemewa tu na mlima.

Kosa la pili, linalofanywa hata na wanaojua kwamba breki si breki, ni kuweka "slow" kila mahali. Kirusi kina kitenzi kimoja kwa mambo ambayo Kiingereza kinayagawa. Kabla hujachagua neno jiulize: ni nini hasa kinachochelewa?

Kama ni kifaa kizima, kuanzia kufungua menyu mpaka kupiga picha, andika "My phone is slow" au "My phone has been running slow". Kama kioo kinaguswa na jibu linakuja baada ya muda, hasa kwenye michezo na kuandika meseji, neno ni "laggy": "The keyboard is laggy". Kama ni video inayokatakata, "The video is choppy" au "The video stutters". Kama ni ukurasa wa intaneti, "Pages are slow to load". Mrusi ataandika тормозит kwa yote manne na hataona shida.

Viambishi vya mbele ya kitenzi navyo vina kazi. Притормаживает na подтормаживает ni kitenzi kile kile kilichopunguzwa makali: simu ina uzito kidogo, inasitasita hapa na pale. Kwa Kiingereza "It's a bit slow at times" au "It stutters a little". Ukiandika "very slow" umemtia mteja hofu bure, na pengine umemfanya akubali kulipia kazi asiyoihitaji. Upande wa pili, жутко тормозит, дико тормозит na безбожно тормозит zina maneno ya kutisha mbele yake: kwa hofu, kwa ushenzi, bila kumcha Mungu. Usiyatafsiri. Yote matatu ni "painfully slow".

Тупит ni ndugu wa karibu. Mzizi wake ni butu, kama kisu butu, na mashine huutoa kama "stupid" au "dull". Интернет тупит ni mtandao unasumbua, "The internet's being slow". Neno lina lawama ya kirafiki ndani yake, kama mtu anayemwona mwenzake amepigwa butwaa, ndiyo maana linafaa zaidi kwa kitu kinachochelewa kuitika kuliko kitu kilichozeeka. Долго думает, "inafikiri muda mrefu", ni hali hiyo hiyo: "It takes forever to respond". Еле ползает, "inatambaa kwa shida", Kiingereza nacho kina mtambao wake: "It's slowed to a crawl".

Не тянет inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu si dalili tena, ni hukumu. Neno kwa neno ni "haivuti", na fundi wa magari wa Uyole anasema hivyo hivyo kuhusu injini iliyochoka kupanda. Kompyuta ambayo не тянет mchezo fulani haina ugonjwa. Haina nguvu tu. Kiingereza: "It can't handle the game" au "It isn't powerful enough to run it". Tofauti hii ina maana kwenye pesa. Kifaa ambacho тормозит huenda kikapona kwa kufutiwa mafaili, kuondolewa programu au kuflashiwa. Kifaa ambacho не тянет kinataka RAM (kumbukumbu ya muda) zaidi, SSD (diski ya kasi) au kifaa kingine kabisa, na mteja aambiwe hivyo kabla hujashika bisibisi.

Halafu kuna замедление, nomino ya "upunguzaji wa kasi". Hapo angalia nani anapunguza. Замедляется, yenye -ся mwishoni, kifaa kinapungua kasi chenyewe: "It slows down". Замедляет, bila -ся, kuna mtu au programu inayokipunguza kasi, na kama ni makusudi Kiingereza kinapenda "throttle". Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inashusha kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Warusi waliandika замедляет, na "throttles" ndilo lililo sahihi. Machi 2021 mamlaka ya mawasiliano ya Urusi, Roskomnadzor, ilianza kupunguza kasi ya Twitter nchini humo, na mwaka 2024 YouTube nayo ikawa nzito kwa watumiaji wa huko. Kwa hiyo malalamiko ya Mrusi wa 2024 kwamba ютуб тормозит из-за замедления hayahusu simu hata kidogo. "YouTube is slow because it's being throttled." Ukiyachukua kama dalili ya simu ya aina hiyo utaflashi simu nzima ya mtu wa Vwawa kwa tatizo lililoko Moscow.

Dalili: "It hangs", lakini haijulikani kama imeganda sasa au huganda kila siku

Vitenzi ni виснуть na зависать, kuning'inia. "Hangs" si kosa, na wateja wa Zambia wataielewa vizuri kwa sababu hata wao husema "My phone is hanging". Msomaji wa Uingereza au Marekani angesema "freezes". Chagua kwa kumwangalia anayesoma.

Tatizo kubwa liko kwenye wakati. Vitenzi vya Kirusi huja kwa jozi, kimoja cha tendo linaloendelea au kujirudia, kingine cha tendo lililofika mwisho. Kitafsiri cha mashine hukoroga jozi hizo, lakini Kiswahili kinazitenganisha bila jasho kwa -na- na -me-:

Завис ni imeganda. "It froze" ukisimulia, "It's frozen" kama iko mkononi mwako vile ilivyo.

Зависает au виснет ni inaganda, yaani mara kwa mara. Usiandike "It is freezing", maana Mwingereza atafikiria hali ya hewa. Andika "It keeps freezing".

Подвисает ni inakwama kidogo kisha inaendelea: "It freezes for a second or two".

Завис намертво au завис наглухо, imeganda kabisa, hata kitufe cha kuwashia hakiitiki: "It's completely frozen" au "It locked up".

Висит на логотипе, imeishia kwenye nembo: "It's stuck on the logo".

Zisome tena kama fundi uone kwa nini haziwezi kubadilishana. Simu inayo-подвисает mara nyingi imejaa: ukikuta chini ya sehemu moja ya kumi ya hifadhi ndiyo iko wazi, anza kwa kupunguza video na picha za WhatsApp kabla ya kingine chochote. Iliyoganda намертво kwanza hulazimishwa kuzima, na kwa simu nyingi za Android ni kubana kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 10 hadi 15. Ile iliyoishia kwenye nembo ina programu endeshi iliyoharibika, au chipu ya hifadhi inaelekea kufa, na kufuta picha hakutaisaidia. Ukiandika "hangs" kwa zote tatu umemwacha fundi mwenzako gizani.

Angalia pia фризит na фризы. Yametoka kwenye Kiingereza "freeze", kwa hiyo mtafsiri huyarudisha kwao bila kufikiri. Lakini yamebadilika njiani. Kwa Mrusi фриз ni mkwamo mfupi katikati ya mchezo, picha inasimama chembe ya sekunde kisha inaruka mbele. Kiingereza chake ni "stutter": "The game stutters". Лагает nalo ni la Kiingereza, "lag", na limebaki karibu na asili. Kwenye michezo ya mtandaoni kwa kawaida linalaumu mtandao: "I'm getting lag". Kwenye simu isiyounganishwa popote, ni "laggy" tu.

Na замёрз? Hilo ni la baridi halisi. Телефон замёрз ni simu iliyopatwa na baridi, kama mtu aliyesimama stendi ya Makambako alfajiri ya Julai bila koti. Betri za lithiamu hupoteza uwezo kwa muda kwenye baridi kali, na simu yenye betri kuukuu inaweza kuzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 20 au 30. Mrusi huandika выключается на морозе, "It shuts down in the cold". Ukitafsiri "frozen" fundi atatafuta ugonjwa wa programu, ilhali dawa ni kuipasha simu mfukoni na kupima betri. Watu wa Njombe na Makete wanalielewa hili kuliko wa Dar es Salaam.

Dalili: vitu vinaruka

"Applications fly out", "the disk flew", "the settings flew off". Kirusi kina kitenzi kimoja cha kuruka angani, na kila kiambishi kinageuza maana yake kwenye kompyuta.

Вылетает, kuruka kutoka ndani: programu inajifunga yenyewe. "The app keeps crashing." Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu "crash" linasikika kama ajali kubwa. Kwa Kiingereza cha kawaida ni programu kujifunga tu, simu yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Полетел, imeondoka kuruka: kifaa kimekufa. Полетел диск ni "The hard drive has died". Wengine huandika вылетел диск kwa maana hiyo hiyo, na hili ndilo la kuogopwa, maana ni kitenzi kile kile cha programu kujifunga. Kigezo ni nomino inayofuata: ikiwa ni programu au mchezo, imejifunga, ikiwa ni kitu unachoweza kukishika kwa mkono, kimekufa.

Слетел, kuruka kutoka juu ya kitu, kama kofia kwa upepo: kilichowekwa kimeondoka. Слетели настройки ni "The settings got reset". Слетела прошивка, programu endeshi imeharibika: "The firmware got corrupted". Слетели дрова hutoka kwenye mashine kama "the firewood flew off", na inafurahisha, lakini дрова ni jina la mtaani la draiva, kwa kuwa maneno yanafanana kwa sauti. "The drivers are gone", "The drivers stopped working". Weka draiva upya.

Kwa diski kuna pia сыпется, inamomonyoka kama ukuta wa tope: винт сыпется. Винт ni skrubu, lakini hapa ni kifupi cha винчестер, diski ngumu. "The hard drive is failing." Kitenzi hiki kinasema bado hujachelewa. Nakili data leo.

Maneno matatu yanayofanana sura

Перегревается, перезагружается, перегружается. Yasome kwa haraka saa tatu usiku na utayachanganya.

La kwanza ni kuchemka kupita kiasi, "It overheats". La pili ni kuzima na kujiwasha, "It restarts"; kama kuna сам mbele, simu inafanya yenyewe, "It restarts on its own", na ikiwa haitoki kwenye mzunguko huo, бутлуп au циклическая перезагрузка, basi "It's in a boot loop". La tatu ndilo bovu: kwenye Kirusi cha vitabu перегружается ni kulemewa na mzigo, lakini mtaani wengi hulitumia kwa maana ya kuzima na kujiwasha. Likifuatwa na сам, au na kila baada ya dakika fulani, ni "restarts". Likifuatwa na процессор au сеть, ni "gets overloaded".

Mawili ya mwisho yana грузить ndani yake, kitenzi cha kupakia mzigo. Долго грузится ni "takes ages to load" kwa ukurasa na "takes ages to boot up" kwa kompyuta. Грузит процессор на 100% ni programu inayoitwisha prosesa mzigo wote: "It's maxing out the CPU". Usiandike "loads the processor". Atakayesoma atadhani kuna mtu anafunga prosesa mpya.

Majina ya vifaa yanayodanganya

Сенсор kwenye maelezo ya simu ni tachi. "The sensor is not working" inampeleka fundi kwenye kihisi cha ukaribu au cha mwanga, wakati mteja anasema kioo hakishiki. "The touchscreen isn't responding." Kama kioo kinajibonyeza chenyewe, Mrusi ataandika фантомные нажатия, na Kiingereza kina "ghost touches".

Память забита: память ni kumbukumbu, lakini iliyojaa hapa karibu kila mara ni hifadhi ya ndani. "The storage is full". RAM huitwa оперативка, au kwa ufupisho ОЗУ, na ПЗУ ni ile ya kudumu. Kwenye maelezo ya simu Warusi huandika 4/64: namba ya kwanza ОЗУ, ya pili hifadhi, zote kwa GB. Ukimwambia mteja "memory is full" atakuuliza kama unaweza kumwongezea RAM, na mazungumzo yatapotea hapo.

Кулер ni feni, hasa ya prosesa. Кулер шумит, "The fan is loud". Na Mrusi akisema почистить ноутбук kwa kawaida hasemi kufuta programu. Anasema kuifungua, kutoa vumbi kwenye feni na kubadilisha grisi ya joto, термопаста. Laptopu iliyokaa miaka mitatu kando ya barabara ya vumbi la Chunya inahitaji sana ushauri huo. Ikichemka prosesa hujishusha kasi ili isiungue, na hilo huitwa троттлит, "It's throttling". Lakini почистить телефон ni kufuta mafaili yasiyotakiwa. Kitenzi kimoja, kazi mbili, gharama tofauti.

Железо, chuma, ni vifaa vyote vinavyoshikika, "hardware". Камень, jiwe, ni prosesa. Кирпич, tofali, ni simu iliyokufa baada ya kuflashiwa vibaya, na kwa bahati Kiingereza kina tofali hilo hilo: "It's bricked". Гнездо, kiota, ni tundu la chaji, "charging port". Аккумулятор вздулся ni betri imevimba, "The battery has swollen". Hapo acha kutafsiri kwanza, mwambie mteja asiichaji tena. Телефон сел, simu "imekaa chini", ni imeisha chaji: "The phone's dead", na hapa "dead" haimaanishi imekufa moja kwa moja, chaji tu.

Встать, kusimama, hugeuka kufuatana na kilicho mbele yake. Прошивка встала нормально ni imeingia vizuri, "The firmware installed fine". Загрузка встала на 50% ni upakuaji umekwama nusu, "The download stalled at 50%". Kusimama kule ni kufaulu, kusimama huku ni kushindwa.

Simu imekuwa "he"

Nomino za Kirusi zina jinsia. Телефон ni ya kiume, программа ya kike, kwa hiyo mashine hutoa "he hangs" na "she flew out". Badilisha zote kuwa "it". Ukikuta "everyone is freezing", angalia herufi ё: Warusi wengi huandika е badala yake, hivyo всё, kila kitu, huonekana kama все, watu wote. Kitenzi kikiwa cha umoja, все зависло, ni "Everything froze". Na sentensi inayoanza na "At me", у меня, hugeuka kuwa "My".

Tafsiri imetoka kwa Kirusi salama, Kiswahili kikaiharibu

Hili ni la kwetu. Tunasema simu inastaki, kisha tunaandika "The phone is stucking". Kitenzi hicho hakipo. "Stuck" ni hali: "It's stuck on the logo", "It got stuck". Kwa kinachojirudia rudi kwenye "It keeps freezing". "The phone is eating charge" inaeleweka mpaka Nakonde lakini si zaidi ya hapo. "The battery drains fast" ndiyo njia, na Kirusi chake ni быстро садится. "It switches off itself" iwe "It turns off by itself".

Периодически nalo linatega: si kwa vipindi maalumu, ni mara moja moja, "every now and then". Через раз ni leo inakubali kesho inagoma: "It only works half the time".

Mfano mzima

Chukua malalamiko ya namna hii:

"У меня после обновления стал жутко тормозить телефон, приложения вылетают, сенсор тупит, пару раз сам перезагрузился. Памяти хватает. Сбрасывал, не помогло."

Mashine mbovu inaweza kutoa: "At me after updating the phone began to brake terribly, applications fly out, the sensor is stupid, a couple of times himself rebooted. Memory grabs. I dropped, it did not help."

Sentensi ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa kuwa inaonekana nzima. Fundi akisoma "dropped" atafungua simu kutafuta ufa kwenye bodi. Lakini kuangusha kwa bahati mbaya ni уронил. Сбрасывал ni kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani, kifupi cha сбросить до заводских настроек. Na хватает ina maana mbili, kunyakua na kutosha. Ikija na памяти, ni kutosha.

Anza kwa Kiswahili cha bandani: tangu isasishwe simu imekuwa nzito kweli, programu zinajifunga, tachi inachelewa kuitika, mara mbili tatu imejizima na kujiwasha, nafasi ipo ya kutosha, nimeirudisha kiwandani, wapi. Sasa Kiingereza:

"Since the update my phone has been painfully slow. Apps keep crashing, the touchscreen is slow to respond, and it's restarted on its own a couple of times. There's enough storage. I did a factory reset, but it didn't help."

Стал тормозить ni wakati uliopita kwa Kirusi, lakini tatizo lipo bado, ndiyo maana kuna "has been". Ukiweka "was slow" mteja wa Nakonde ataelewa kwamba simu imepona na atakuja kuichukua. Пару раз ni "jozi ya mara" lakini hakuna anayehesabu. "A couple of times" nayo haihesabu, kwa hiyo iache ilivyo.